Mahindi yalisafiri, majivu yakabaki

Mtu wa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mashariki mwa Kongo, anaweza kunywa chai na mkate asubuhi, akatafuna karanga njiani, akapewa wali kwenye harusi, na jioni bado akakuambia kwamba hajala. Maana yake hajala bukari, yaani ugali. Ukimuuliza bukari ni ya nani atakushangaa: ni yetu, ya nani tena? Lakini unga ulio sufuriani ni wa mahindi, zao lililotokana na jamii ya nyasi-mwitu iitwayo teosinte, kusini mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita. Mara nyingi umechanganywa na unga wa muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Sombe iliyo pembeni ni majani ya muhogo huo huo. Pilipili, nyanya na karanga zilivuka bahari ile ile. Kwenye sahani nzima, chenye asili ya Afrika bila ubishi ni mafuta ya mawese.

Orodha kama hii hupendwa sana, na watu huitumia vibaya kwa njia mbili. Kuna anayesema: mmeona, hamna chenu. Kuna anayekasirika na kutafuta ushahidi kwamba mahindi yalikuwapo Katanga tangu enzi za mababu wa mababu. Wote wawili wanadhani swali ni nani mwenye kitu. Mimi naona swali lenye faida ni jingine: kitu kilipohama, kilihama na nini, kikaacha nini nyuma, na waliokipokea walikifanyia nini? Hapo ndipo mambo yanapochanganya, kwa sababu kile kinachoonekana kwa macho na ule ujuzi uliojificha ndani yake havisafiri kwa mwendo mmoja.

Mahindi na muhogo vililetwa na Wareno kwenye pwani ya Atlantiki katika karne ya 16, kisha vikaingia bara kwa kupokezana, shamba kwa shamba, bila mzungu yeyote kuvisindikiza. Hata hivyo, kwa muda mrefu mahindi yalikuwa zao moja tu kati ya mengi. Watu wa kusini mwa Katanga walisonga mtama na ulezi. Kilichoyapandisha cheo ni shaba. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilifika mwaka 1910, na mwaka huo huo mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya sasa, ukaanzishwa. Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi makambini ilihitaji chakula kikavu, kinachopimwa kwa kilo, kisichoharibika ndani ya behewa. Unga wa mahindi ulifaa kwa posho kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba watu walionja, wakapenda, wakachagua. Kuenea kwa jambo kutoka jamii moja hadi nyingine mara nyingi kuna mkono wa mwenye nguvu, na mkono huo hushika mizani ya posho.

Lakini posho peke yake haielezi kwa nini watu waliendelea na bukari hata baada ya kuwa na uhuru wa kununua wanachotaka. Mahindi yalikuta kila kitu kipo tayari: chungu, mwiko, mkono unaojua kusonga, kumega tonge na kulichovya kwenye mboga, sahani moja ya kuzungukwa na watu kadhaa. Unga ulibadilika, mlo haukubadilika. Kitu kigeni kikikuta nafasi iliyokwisha kuandaliwa, hukaa humo upesi hadi wajukuu wanasahau kwamba kilikuwa kigeni.

Sasa tuangalie kilichobaki nyuma. Huko Mexico na Amerika ya Kati, mahindi makavu huchemshwa kwanza kwenye maji yenye chokaa au majivu, yakaachwa usiku kucha, ndipo yakasagwa. Hakuna bibi wa zamani aliyejua kemia ya jambo hilo. Alijua tu kwamba mahindi hupikwa hivyo. Leo tunajua kwamba chokaa au majivu hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo kwenye mahindi yasiyotengenezwa hivyo imefungika na mwili haiwezi kuichukua. Mabaharia walibeba mbegu. Mbegu huingia mfukoni. Jiko la bibi haliingii mfukoni, na wala hawakumuuliza.

Matokeo yake yalionekana Ulaya. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, huko Asturias nchini Hispania, alieleza ugonjwa wa maskini waliokuwa wakiishi kwa mahindi: ngozi inaungua na kubambuka, tumbo linaharisha, akili inayumba, kisha kifo. Italia waliuita pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukawaua maelfu kusini mwa Marekani. Wengine walisema ni uchafu, wengine mahindi yaliyooza, wengine vijidudu. Serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger mwaka 1914, naye akaonyesha kwamba chanzo ni chakula. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa dawa mwaka 1937. Ni miaka mia mbili ya kutafuta kitu ambacho wanawake wa Mexico walikuwa nacho chunguni tangu zamani sana.

Na sisi tunaosonga mahindi bila majivu, mbona hatubambuki ngozi? Jibu liko kwenye mboga. Karanga, maharage na samaki vina niasini, au vina protini ambayo mwili huigeuza kuwa niasini. Ushahidi wa kusikitisha ulitoka kwa jirani mwaka 1990: wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini nchini Malawi, wakiishi kwa msaada wa mahindi, waliugua pelagra kwa maelfu baada ya karanga kukosekana katika mgawo wao. Mahindi yalikuwepo, nishati ilikuwepo, karanga hazikuwepo. Kwa hiyo mama wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anayetwanga karanga na kuzitia kwenye lengalenga, yaani mchicha, anafanya, bila mtu yeyote kupanga, kazi iliyokuwa ikifanywa na majivu upande wa pili wa dunia. Ujuzi mmoja ulipotea baharini, na desturi nyingine iliyokuwa na sababu zake ikaziba pengo.

Muhogo una hadithi kali zaidi, na hii ni ya Kongo yenyewe. Muhogo mchungu una sumu ya jamii ya sayanidi. Wenyeji wa Amazon huukwangua, huukuna, huukamua maji, huuacha ukae, halafu huuchoma. Njia hiyo haikuhamia kwetu kama ilivyo. Katika Kongo, wanawake waliunda njia yao: kulowesha mizizi majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kuimenya, kuianika, kisha kuitwanga. Yaani mmea ulipokewa, lakini elimu ya kuula iliundwa upya na waliopokea, kwa majaribio ambayo hakuna aliyeyaandika na ambayo, nina hakika, yaligharimu maisha ya watu.

Ujuzi wa namna hiyo una udhaifu wake. Mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli alieleza ugonjwa wa huko Kwango, kusini magharibi mwa Kongo, unaoitwa konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena, hasa kwa wanawake na watoto. Miongo kadhaa baadaye, watafiti waliofuatilia ugonjwa huo katika jimbo la Bandundu waligundua kwamba familia zilizougua zilikuwa zimefupisha siku za kulowesha. Zilifupisha kwa sababu biashara ya muhogo kuelekea Kinshasa ilikuwa imepamba moto, na mwenye lori hangojei. Ukipunguza siku moja, muhogo bado unalainika. Unga bado ni mweupe, ladha haina neno. Hakuna anayeanguka jioni hiyo. Madhara huja baadaye, kwa yule ambaye hana samaki wala maharage ya kuupa mwili nguvu ya kuondoa sumu, na wakati huo ni nani atakumbuka siku moja iliyopunguzwa?

Hapa ndipo napenda kumtetea yule mzee anayejibu "ndivyo tulivyofundishwa" kila anapoulizwa sababu. Sisi tuliosoma shule huona jibu hilo ni uvivu wa kufikiri. Lakini kwa mambo ambayo faida yake haionekani kwa macho, kuiga kila hatua bila kuuliza ni salama kuliko kuwa mwerevu. Mwerevu ndiye anayeondoa hatua "isiyo na kazi". Bila shaka kuiga kwa upofu hulinda upuuzi pia, na tunao mwingi. Kutoka nje, hatua yenye maana na hatua isiyo na maana hufanana kabisa.

Kuna wakati lakini kutojua njia ya asili huwa ni bahati. Gitaa lilifika Katanga kama chombo tu, bila mwalimu. Lilikuja na wafanyakazi wa reli na migodi, na wafanyabiashara, pamoja na santuri zilizoonyesha linapaswa kutoa sauti gani. Kijana aliyetaka kulipiga alisikia tokeo bila kuona vidole. Hii ni tofauti ambayo wanaochunguza mienendo ya kuigana huitilia mkazo sana: kuna kuiga njia, na kuna kuiga tokeo. Anayeiga njia hupata nakala. Anayeiga tokeo hulazimika kutafuta njia yake, na mara nyingi huishia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana pia kama Jean-Bosco, ni mfano ninaoupenda. Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Alikuwa akipiga gitaa kavu, bila umeme, kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linashika besi, shahada inacheza sauti ya juu, na mbili hizo zinapishana hadi msikilizaji anadhani wapo wawili. Ukiwa umewahi kumtazama mpiga likembe, ala ya vijiti vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, mwendo huo hautakuwa mgeni kwako. Mkono uliozoea mpishano wa aina hiyo haukuhitaji mwalimu wa Ulaya wa kuufundisha kutumia vidole vinne. Kisha santuri zake zikaenda Kenya na Tanganyika, na vijana wa huko wakawa katika hali ile ile: wanasikia tokeo, hawaoni vidole, kila mmoja anajitafutia.

Rumba ya Kinshasa na Brazzaville ilizunguka zaidi ya hapo. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo la Kongo walichangia ngoma za Cuba. Kuanzia miaka ya 1930, muziki wa Cuba ulirudi kwetu kwenye santuri za mfululizo wa GV, watu wakaupokea kama kitu walichokifahamu na kisichofahamika kwa wakati mmoja. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa jina la nchi zote mbili. Ukitaka kusema ni ya Cuba au ya Kongo, utahitaji kwanza kuamua saa ya kusimamisha hesabu.

Jambo jingine linalotatanisha ni kwamba vitu vinavyosafiri pamoja vinaweza kuachana njiani. Tunavizoea kama kifurushi kimoja, tunadhani lazima vifike vyote. Kiswahili chenyewe kinakanusha hilo. Kilifika Katanga na misafara ya biashara katika karne ya 19, na hasa na Msiri, mtu kutoka upande wa Unyamwezi aliyejijengea ufalme wenye makao Bunkeya hadi alipouawa na msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Pwani, lugha hii iliambatana na Uislamu, maandishi ya Kiarabu, kanzu na utenzi. Katanga ilikuja lugha. Vile vingine, kwa sehemu kubwa, vilibaki njiani. Wamisionari Wakatoliki wakaifundishia katekisimu, kampuni ikaitumia kutolea amri kazini, na watoto waliozaliwa makambini na wazazi Waluba, Wabemba na wengineo wakaifanya ya nyumbani. Leo mtu wa Mombasa akisikia Kiswahili cha mtaa wa Kenya (ndiyo, Lubumbashi ina Kenya yake, ni mtaa wenye soko kubwa) anaweza kucheka. Acheke tu.

Beni ilipita njia hiyo hiyo na kubadilika hata zaidi. Ngoma hii ilizuka miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi: mistari iliyonyooka, sare, vyeo, mashindano kati ya mitaa. Tanganyika ikagawanyika kwa makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 iliikusanya Afrika Mashariki nzima kwenye kambi za askari na wapagazi, na walipotawanyika wakaondoka nayo. Katika ukanda wa shaba, pande zote mbili za mpaka, iliitwa mbeni, na huko haikuwa tena mashindano ya mitaa ya pwani. Mfanyakazi aliyefika kutoka mbali, asiye na ukoo mjini, alikuta humo watu wa kumpokea, kumchangia akiugua, na kumzika. Gwaride lilibaki, vyeo vya mfalme na gavana vilibaki, maana ikawa nyingine. Wakoloni walitazama vyeo hivyo kwa wasiwasi. Wafanyakazi wa migodi wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, vyama vya mbeni vilikuwa miongoni mwa walioshukiwa kuwa nyuma yake.

Kwa upesi niguse mtego mmoja wa wasomi, kwa sababu unatuhusu pia kwenye mabishano ya vijiweni. Mwaka 1888 mwanaanthropolojia Edward Tylor alisoma London utafiti uliolinganisha mila za jamii nyingi, na msomi mwenzake Francis Galton akamuuliza: utajuaje kwamba jamii hizo hazikuchukua mila hizo mahali pamoja? Ukizihesabu kama mifano kumi na kumbe ni mmoja ulionakiliwa mara kumi, hesabu yako haina maana. Misalaba ya shaba, yaani vipande vya shaba vilivyomiminwa kwa umbo la msalaba, imepatikana katika makaburi ya kale ya Sanga kwenye bonde la Upemba, Katanga, na mingine imepatikana Ingombe Ilede, Zambia, karibu na mto Zambezi. Ni wazo lililozuka mara mbili? Sidhani. Umbo lile halilazimishwi na shaba yenyewe, na biashara ilikuwepo. Kufanana kwa jambo lisilo la lazima ni dalili nzuri ya kuigana. Kufanana kwa jambo la lazima, kama mpini wa jembe kutoshea mkononi, si dalili ya chochote.

Kuhusu kasi, utafiti unaotajwa sana unahusu mahindi tena. Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha mwaka 1943 uchunguzi wao juu ya wakulima 259 wa Iowa, Marekani, na mbegu chotara iliyoanza kuuzwa huko mwishoni mwa miaka ya 1920. Kufikia 1941 wote isipokuwa wawili walikuwa wameipokea, lakini kwa mwendo wa ajabu: miaka mingi ya kusuasua, kisha mbio, kisha utulivu. Wengi waliisikia mara ya kwanza kwa mchuuzi wa mbegu; kilichowafanya waiamini ni jirani. Na hata aliyeamini alianza na kipande kidogo cha shamba.

Pesa za simu hapa zilifuata mkondo huo, nijuavyo kwa kutazama tu: kwanza vijana, mwisho mama wauzaji ambao leo ndio wanaozitumia kuliko wote. Lakini M-Pesa iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007 ilikuwa ya shilingi, kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Ilipokuja Kongo ilikuta nchi inayohesabu kodi ya nyumba kwa dola na nyanya kwa franka, ikabidi mteja awe na akiba mbili ndani ya simu moja. Wenye vibanda wanaokaa chini ya miavuli barabarani sasa wanabadilishia watu pesa kwa njia hiyo, kazi ambayo Wakenya hawakuihitaji.

Imebaki kupotea kabisa, ambako huzungumzwa kidogo. Kabla ya Union Minière, Wasanga na Wayeke waliyeyusha shaba wenyewe. Baada ya mavuno, kiangazi kikianza, walikwenda machimboni, wakachimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivuo ya ngozi, na kumimina misalaba. Katika miaka ya 1920 kazi hiyo ilikuwa imekwisha kiasi kwamba mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliieleza, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1926, kama jambo la wazee. Haikuchukua hata vizazi viwili.

Mtafiti wa utamaduni Joseph Henrich alitoa hoja mwaka 2004, akitumia mfano wa kisiwa cha Tasmania, kwamba ujuzi mgumu hupotea idadi ya watu wanaoigana inaposhuka chini ya kiwango fulani: wanafunzi wakiwa wachache, hakuna anayemzidi mwalimu, na kila kizazi huacha kitu. Wengine wanampinga kuhusu Tasmania yenyewe. Kwa tanuru za Katanga nadhani sehemu ya hoja inasimama, ingawa watu hawakupungua. Waliokuwa wakikutana machimboni kila kiangazi ndio waliopungua, kwa sababu mshahara wa kambi ulilipwa mwezi kwa mwezi na haukungoja msimu. Mchoma makaa, mvukutaji, mjenzi wa tanuru na mkuu wa miiko walikuwa watu tofauti, na hakuna mmoja aliyekuwa na kazi nzima kichwani mwake. Leo wachimbaji wa Kolwezi na Likasi wanachimba malakiti hayo hayo, tena kwa mikono, wakayauza kwa gunia kwenye depo, ambako asilimia ya shaba hupimwa kwa kifaa cha mkononi wanachokiita Metorex. Maelezo ya tanuru yapo kwenye karatasi kwa yeyote anayetaka kujaribu, ila hayasemi mvukutaji alijuaje, kwa rangi ya moto au kwa mlio wake, kwamba sasa ndiyo wakati wa kumimina.